Nilivyoacha kuinuka kabla ya kugonga mpira wa gofu

Karibu miaka miwili mipira yangu ilikuwa inaburuzika tu chini, yani nachapa na ayani 7 (fimbo ya chuma ya umbali wa kati) mpira unakimbia kwenye nyasi kama sungura, hata yadi 60 haufiki, na mimi nilishaamini kabisa shida ni mikono. Nikabadilisha gripu (namna ya kushika fimbo), nikaazima fimbo za jamaa, wapi, ni yale yale.

Naishi Dodoma, kazi yangu ya ofisini kule Mtumba, kutwa nzima nimeinamia kompyuta. Nikitaka kucheza raundi nashuka Dar, na tangu treni ya SGR ianze 2024 imekuwa rahisi sana, Ijumaa jioni napanda na begi langu la fimbo Jumamosi asubuhi niko uwanja wa gofu wa Lugalo. Sasa siku moja kedi mmoja (mbeba fimbo za wachezaji), mtu mzima, akanitazama mashimo matatu bila kusema kitu, la nne ndo akaniambia, "Kaka, mikono yako haina shida. Wewe unainuka. Unaanza umeinama, fimbo ikifika kwenye mpira ushasimama."

Nikamwomba anirekodi na simu, akasimama nyuma ya mstari wa mpira, tukaangalia video polepole, slomo. Iliniuma kwa kweli. Mgongo umepinda kama herufi C, kidevu kimezama kifuani, uzito wote uko vidoleni, halafu nikishusha fimbo nyonga zinasogea mbele kuufuata mpira na kifua kinapanda juu. Ndo nikaelewa, nyonga zikisogea mbele mikono inakosa pa kupita, mwili unanyanyuka ili kuipa njia. Na mpira wenyewe kipenyo chake ni milimita 42.67 tu, kwa hiyo kutoka chini mpaka katikati ni sentimita 2 na kidogo, ukiinuka kiasi hicho tu fimbo inaugonga tumboni au inauparaza juu.

Nikarudi Dodoma nikaanza kujirekebisha mwenyewe na nikakosea. Nilijibinua kiuno ili mgongo unyooke, kumbe nimetengeneza bonde pale chini, sasa ikawa herufi S, wiki nzima kiuno kinauma.

Aliyenifumbua macho ni shangazi yangu wa Hombolo. Nilienda kumsaidia kung'oa karanga, mimi baada ya nusu saa nimeshika kiuno, yeye toka asubuhi yuko vile vile, magoti yamelegea kidogo, makalio yameenda nyuma, mgongo umenyooka kama ubao. Nikamuuliza shangazi, hivi hiki kiuno hakikuumi? Akasema, "Mwanangu, ukiinamia mgongo utang'oa mistari miwili utaenda kulala. Inamia nyonga." Nikabaki namwangalia, maana ule ndo mkao niliokuwa nautafuta, sijawahi kuuona vizuri namna ile kwenye video yoyote.

Nikaomba mpini wa jembe hapo hapo. Unauweka mgongoni uguse sehemu tatu, kisogo, katikati ya mabega na ule mfupa wa juu ya makalio, halafu unainama taratibu kwa kusukuma makalio nyuma. Mpini ukiachia sehemu hata moja ujue umeinamia mgongo, unaanza upya. Ukishainama unaacha mikono ining'inie yenyewe chini ya mabega, uzito unakaa katikati ya nyayo, na kati ya mwisho wa fimbo na paja panabaki nafasi ya kama kiganja.

La kuinuka nililifanyia kazi kwenye kiwanja chetu Nzuguni, kuna ukuta mmoja tu umesimama, nikatundika na nyavu chakavu za wavuvi wa Mtera zikamate mipira. Nasimama makalio yanagusa ukuta kidogo tu. Nikipandisha fimbo kalio la kulia linabaki ukutani, nikishusha la kushoto linarudi kugusa (natumia mkono wa kulia, wa kushoto ageuze). Ukiona makalio yote yameachia ukuta kabla ya kugonga, umeshainuka. Wiki tatu za mwanzo sikupiga mpira kabisa, swingi 50 za polepole (kuzungusha fimbo bila mpira) kila jioni, na upepo wa mwezi wa saba na lile vumbi letu mnalijua. Kitu muhimu ni kujirekodi, mimi nilikuwa nahisi nimeinama kupita kiasi, nikicheki video kumbe niko sawa tu, ni mwili ulizoea vibaya.

Niliporudi Lugalo ayani 7 ilikuwa inapaa, mipira mingi inafika yadi 130 na kidogo, na ile sauti ya mpira uliogongwa katikati ya fimbo, jamani, nilitamani kuirudia siku nzima.

Draiva, ile fimbo ya kupigia mbali, bado. Ni ndefu, unasimama wima zaidi, na nikichoka kuanzia shimo la 14 hivi nyonga zinaanza tena kusogea mbele. Saivi nanyoosha misuli ya nyuma ya mapaja asubuhi na usiku, na ofisini sikai zaidi ya saa moja bila kunyanyuka, nione mpaka mwisho wa mwaka.