Kalisikia jina lake leo

Jamani leo nimetoka dukani na donge kooni.

Nilienda na rafiki yangu wa kazini hapa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, duka la Wakorea. Yeye kazaliwa Seoul, akaletwa huku ana miezi 5, kalelewa na Wazungu. Minnesota wako wengi kama yeye, maana tangu vita vya Korea visimame 1953 watoto kama 200,000 wameasiliwa nje, na 2025 tume ya Korea Kusini yenyewe ilisema makaratasi ya baadhi yao yalighushiwa, inauma sana.

Basi bibi wa kaunta akamwongelesha Kikorea harakaharaka, kama mtu na mjukuu wake.
Rafiki yangu kimya, kashika kopo la kimchi tu, ile kabichi yao ya kuchachushwa.

Halafu akatoa simu, akamwonyesha picha ya karatasi yenye jina lake la kuzaliwa. Akamwomba, nisomee.

Bibi akalisoma. Polepole. Mara mbili.

Naye akalirudia, midomo inamtetemeka. Miaka 41 hajawahi kulisikia kwa mtu wa kwao!

Mi nikamuwaza mwanangu, namwita kwa Kiswahili ananijibu Kiingereza.

Nyie mlioko nje, watoto mnawaongelesha lugha gani nyumbani? Niambieni.