Siku moja maishani mwangu: dhahabu, mwarobaini na seli zilizochokozwa

Natengeneza chembe ndogo mno za dhahabu kwa maji ya majani ya mwarobaini, kisha napima kama zinapunguza uvimbe kwenye seli. Saa 1 asubuhi naanza na vyombo vya kioo. Navilowesha kwenye asidi ya hidrokloriki na ya nitriki, 3 kwa 1, ndani ya kabati la kufyonza hewa. Dhahabu ya jana ikibaki kwenye kioo, chembe mpya hujishikiza hapo na ukubwa wake huvurugika. Mchanganyiko huu haufungiwi kwenye chupa, maana hutoa gesi na chupa hupasuka. Baada ya kuvisuuza naviweka kwenye tanuri, nyuzi 250 kwa dakika 30, kuondoa endotoksini, sumu ya bakteria inayochokoza seli. Mvuke peke yake hauimalizi.

Saa 3: gramu 5 za unga wa majani makavu ya mwarobaini, mililita 100 za maji yaliyosafishwa, nyuzi 70, dakika 20. Nachuja na kutumia siku hiyohiyo.

Saa 4 napima chumvi ya dhahabu kwa kijiko cha plastiki, kwani hula chuma. Mililita 90 za myeyusho wake wa milimola 1 kwa lita zinakorogwa, kisha mililita 10 za maji ya majani zinaingia taratibu. Umanjano unafifia, wekundu unapanda. Zambarau au bluu ni dalili kwamba chembe zimeshikana. Spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa, inathibitisha: kilele cha ufyonzaji karibu na nanomita 530 kinanitosha, kikisogea mbali na kutanuka, namwaga.

Saa 6 nazungusha myeyusho kwenye mashine ili chembe zitulie chini, kwa mizunguko 12,000 kwa dakika, dakika 20, mara tatu, nikibadilisha maji kila mara. Usipoosha hivi, utakachopima kwenye seli ni mwarobaini uliobaki majini, na sifa itaiendea dhahabu bure.

Saa 9 ni zamu ya sahani ya makrofaji, seli za kinga ya mwili. Jana zilipewa chembe, na saa moja baadaye lipopolisakaridi (endotoksini yenyewe), mikrogramu 1 kwa mililita, ili zichokozeke. Sasa napima nitriti, dalili ya uvimbe, kwa kitendanishi cha Griess, kemikali inayobadilika rangi ikikutana nayo. Hapa ndipo wengi hujidanganya: kipimo husomwa kwenye nanomita 540, na dhahabu yenyewe hufyonza mwanga papo hapo. Lazima kimiminika kizungushwe kwanza chembe zitulie chini, na kuwe na kisima (kitundu cha sahani) chenye chembe bila kitendanishi, cha kutoa katika hesabu. Visima vingine vya kulinganisha vina maji ya majani pekee, au dhahabu iliyovikwa sitreti (chumvi ya asidi ya limau) badala ya mwarobaini.

Nitriti ikishuka, bado sifurahi. Seli zilizokufa nazo hazitoi nitriti, kwa hiyo saa 11 napima uhai wake kabla ya kuandika neno "uvimbe" kwenye daftari.