Pasi, urojo na lango moja la joto

Wiki iliyopita pasi yangu ilikataa kujizima. Nilikuwa nikinyoosha kanzu ya mume wangu ya sala ya Ijumaa, nikasikia harufu ya kitambaa kinachotaka kuungua, na katika haraka ya kuinyanyua nikajigusisha bati lake kwenye kifundo cha mkono. Jeraha lenyewe halikuwa kubwa. Jioni ile, hata hivyo, nilipooga maji ya uvuguvugu niliyoyazoea, mwili mzima uliyapokea kama kawaida, isipokuwa pale palipoungua, ambapo maji yale yale yalichoma kana kwamba yametoka motoni sasa hivi. Siku ya pili nikakata pilipili mbuzi, kidole chenye maji yake kikapita juu ya jeraha, na maumivu niliyoyapata sikuweza kuyatofautisha na yale ya pasi.

Tunasema washa moto, washa taa, na kwa kitenzi hicho hicho tunasema kwamba pilipili inawasha. Jua ni kali na pilipili ni kali. Najua kwamba upupu nao huwasha na kwamba kisu nacho ni kikali, kwa hiyo sitaki kulidai neno zaidi ya linavyoweza kubeba. Lakini kuhusu pilipili, waliotangulia kuizungumza lugha hii walikuwa wamepatia kabisa, kwa sababu mwilini njia ya pilipili na njia ya moto ni njia moja.

Ushahidi wake ulipatikana mwaka 1997, katika maabara ya David Julius kwenye Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Yeye na wenzake walichukua vipande vingi vya jeni zinazofanya kazi katika neva za hisia, wakaviingiza katika seli ambazo kwa kawaida hazishtushwi na kapsaisini, yaani kile kitu kinachoipa pilipili ukali wake, wakatafuta mpaka wakakipata kipande kimoja kilichozifanya seli hizo zishtuke. Jeni hiyo hutengeneza protini inayokaa kwenye utando wa seli ya neva mfano wa lango. Kapsaisini ikijishika nayo, lango hubadilika umbo na kufunguka, chembe za kalsiamu na sodiamu zenye chaji huingia, na neva hupeleka habari ubongoni. Kisha wakagundua kwamba lango hilo hilo, bila pilipili yoyote, hufunguka lenyewe joto likifika karibu nyuzi 43 za Selsiasi, kiwango ambacho mtu huanza kukihisi kuwa ni maumivu. Mwaka 2021 Julius alipata Tuzo ya Nobeli ya tiba pamoja na Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut. Wawili hao, kila mmoja kwa njia yake, ndio waliolitambua pia lango la baridi, lile linalofunguliwa na mentholi ya peremende, na ndiyo sababu peremende hutupoza kinywa ingawa yenyewe haina ubaridi wowote.

Hapa ndipo nilipoyaelewa yale maji ya kuoga. Ngozi ikiumia, seli zilizojeruhiwa na zile zinazokuja kuzitibu humwaga kemikali ambazo hulifanya lango liwe jepesi kufunguka, hivyo lile lililokuwa likisubiri nyuzi 43 hufunguka kwa joto dogo zaidi. Maji hayakuwa yamebadilika; kilichobadilika ni kipimo changu, na kwa faida yangu, kwa kuwa mahali palipoungua hapastahili kuguswa na joto lolote mpaka papone.

Lango hili lina ufunguo wa tatu, nao ni uchachu. Asidi nayo hulilegeza, na ikizidi hulifungua. Mtu anayetaka kulithibitisha hilo aagize bakuli la urojo hapa Unguja: mchuzi unakuja wa moto, umechachuliwa kwa ndimu na embe mbichi, kisha muuzaji anauliza kama aongeze pilipili. Joto, uchachu na kapsaisini vinaugonga mlango mmoja kwa pamoja, na ndiyo maana jasho hukutoka usoni. Mwili umeambiwa kwamba kuna moto, nao unajipoza kama ambavyo ungejipoza juani. Maji ya kunywa hayasaidii sana, kwa sababu kapsaisini haiyeyuki vizuri ndani yake. Maziwa husaidia.

Pasi nilimpelekea fundi wa mtaani kwetu, kijana mpole, naye akaifungua mbele yangu. Alinionesha ukanda mwembamba, usiozidi urefu wa kidole, ulioundwa kwa metali mbili zilizobanwa zikawa kitu kimoja. "Mama, huu ukipata moto hujipinda, ukijipinda hukata umeme, ukipoa hurudi," akaniambia, kisha akausogezea kiberiti ili nione. Ukajikunja polepole mbele ya macho yetu, bila betri wala waya. Sababu ni kwamba metali hazitanuki sawa: ufito wa chuma wa mita 1 ukiongezewa joto la nyuzi 100 hurefuka kwa takriban milimita 1.2, ilhali wa shaba ya manjano hurefuka karibu milimita 1.9, na zikifungwa pamoja ile inayorefuka zaidi haina pa kwenda ila kuipinda mwenziwe. Katika pasi yangu pointi, yaani zile ncha mbili zinazogusana ili umeme upite, zilikuwa zimegandana kwa cheche za miaka mingi, ukanda ukawa unavuta bila ya kuweza kuzitenganisha. Kile kitufe cha kuzungusha, chenye maandishi ya hariri na pamba, kazi yake ni kuamua ukanda ujipinde kiasi gani kabla ya kukata, na nilipokitazama niliona kwamba jeraha langu lilikuwa limefanya jambo hilo hilo: limekirudisha kitufe kwenye hariri.

Tofauti ni kwamba ukanda ule hata ungepakwa pilipili usingejipinda, wakati lango letu, kwa kuwa ni protini, linaweza kufunguliwa na kitu chochote chenye umbo la kulishika. Mmea wa pilipili umelitumia jambo hilo dhidi yetu sisi wanyama wenye meno ya kusaga mbegu. Ndege wanalo lango hilo pia, nao huhisi joto kwalo, lakini lao limeumbwa kwa tofauti ndogo na kapsaisini hailifungui. Hula tunda bila ya kuwashwa na kuziangusha mbegu mbali zikiwa nzima. Nyuma ya nyumba yetu, chini ya mwembe, upo mpilipili kichaa ambao hakuna mtu aliyeupanda. Asubuhi hii kuku wawili walikuwa wakiudonoa, tunda baada ya tunda, wakinyanyua vichwa na kumeza.