Siku mbili Hue kwa tiketi moja

Kosa langu Hue lilikuwa kuingia ngomeni saa sita mchana, mwezi wa Juni. Wafalme wa ukoo wa Nguyen walitawala Vietnam kutoka hapa tangu 1802 hadi 1945, na ua wao ni mpana hasa, vivuli vya kuhesabu. Lango la Ngo Mon lina milango mitano. Wa katikati ulikuwa wa mfalme peke yake. Nikapita wa pembeni. Kufika nyuma, yalikokuwa makazi yake ya ndani, chupa ya maji nyeupe, na mbele yangu nyasi tupu. Vita vya 1947 na 1968 vilibomoa sehemu kubwa, na ujenzi mpya unakwenda polepole.

Kilichoniokoa ni vile vyungu tisa vya shaba mbele ya hekalu la wafalme, vilivyosubuliwa kati ya 1835 na 1837. Cha Gia Long, mwanzilishi wa ukoo, kimesogezwa mbele ya wenzake kama imamu. Ubavuni vina michoro ya mashua, miti na wanyama. Nilizunguka kimoja kimoja mpaka jua likalegea.

Bahati, tiketi niliyokata ilikuwa ya ngome pamoja na makaburi, ya siku mbili. Kesho yake nikakodi pikipiki, saa moja asubuhi niko kwenye kaburi la mfalme Tu Duc, kilomita 7 hivi kutoka mjini. Yule alijijengea kaburi akalitumia kama nyumba ya mapumziko miaka 16 kabla ya kufa: bwawa la mayungiyungi, banda la mbao juu ya maji. Wake tele, mtoto hakupata, ndiyo maana maneno ya jiwe lake la kumbukumbu, la tani 20 hivi, ambayo kwa desturi huandikwa na mwana, aliyaandika mwenyewe, na humo akakiri makosa yake. Nilikaa saa tatu.

Kwa Khai Dinh, mfalme mwingine wa ukoo huo, unapanda ngazi 127. Ndani, kuta zote ni vipande vya kaure na vioo. Nikakumbuka makaburi ya Kunduchi na sahani zake za Kichina, ila wazee wetu walijua kiasi. Dakika 40 zilinitosha.

Kwa Minh Mang sikufika. Mvua ya alasiri ilinikuta njiani, nikajibanza kwenye kibanda cha bun bo, tambi za supu ya ng'ombe yenye mchaichai. Pilipili yake ilinitoa jasho kuliko ile ngome.