Nilivyofikisha nota za kwaya kwa mchapishaji zikiwa salama

Mimi nafundisha kwaya hapa Kampala na nota zangu zote naandikia MuseScore, programu ya kuandika nota kwenye kompyuta, ni ya bure na laptop yangu inaiweza. Juzi mchapishaji mmoja wa Nairobi akakubali nyimbo zetu sita za Kiswahili, nikafurahi mno, nikatuma mafaili ya mscz, yaani ya MuseScore yenyewe, usiku huohuo. Asubuhi mhariri akaandika, "Mwalimu, habari za asubuhi, sisi tunatumia Sibelius, programu nyingine ya nota, haya hayafunguki." Na PDF akasema hawezi kusogeza nota hata moja humo.

Basi akaniomba MusicXML, yaani faili la katikati ambalo karibu programu zote za nota zinalisoma. Nikatoa, nikatuma, akanirudishia skrinishoti. Nota zenyewe zipo zote, soprano mpaka besi, lakini solfa, zile herufi za do re mi, zimeruka juu ya mistari zikalaliana, na alipotoa maneno ya beti ili ayapange ukurasa wa nyuma yakaja hivi: "Mu ngu wa re he ma." Niliumia, maana nilijua waimbaji wetu wengi wanasoma solfa tu.

Kosa lilikuwa langu. Kila silabi nilikuwa nabonyeza spesi badala ya kistari, kwa hiyo kompyuta ikaona "Mu" ni neno na "ngu" ni neno lingine. Solfa nazo nilizibandika kama maandishi ya kawaida nikazivuta chini kwa mausi, na MusicXML inabeba vizuri kitu kinachojulikana ni nini, ila pale ulipokivuta kwa mkono haiaminiki sana. Nikarudia zote sita, usiku tatu, umeme unakatika, solfa nikaziandika kama mstari wa pili wa maneno kila moja chini ya nota yake, na mf na p, alama za sauti kubwa na ndogo, nikazichukua kwenye paleti ya dainamiki, yaani orodha ya alama hizo ndani ya programu, si kuzitaipu.

Halafu kabla ya kutuma nilifungua ile MusicXML mwenyewe upya, nikailinganisha na PDF baa kwa baa, hapo nikanasa tai mbili zilizopotea, yaani vile vipinde vya kuunganisha nota mbili za sauti moja.

Na nyie wenye nyimbo kwenye Finale, nayo ni programu ya nota, tafadhali msikawie, watengenezaji wake MakeMusic walitangaza Agosti 2024 kwamba wameacha kuiendeleza, toeni MusicXML sasa hivi wakati bado inafunguka kwenye mashine zenu.

Mhariri nikamtumia zote mbili, MusicXML na PDF ya kutazamia. Alibakiza nafasi za mistari tu, hizo anapanga kwa mtindo wao, na prufu, nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, ya wimbo wa kwanza imefika jana, "Mungu wa rehema" imeandikwa sawasawa.