FX 5200 imepigwa na mkubwa wake

Leo nimezipambanisha kadi mbili za picha za kompyuta, GeForce4 MX 440 ya mwaka 2002 na GeForce FX 5200 ya 2003, kwenye kompyuta ile ile ya Pentium 4, na iliyotoka baadaye ndiyo imeshindwa. Namba zinadanganya watu. Hata muuzaji wa mitumba pale Majengo alinipandishia bei kwa hoja hiyo hiyo: "Bosi, hii ni elfu tano na mia mbili, ile ni mia nne na arobaini tu." Nikacheka, nikalipa.

Nimepimia gemu la Quake III Arena. Unafungua konsoli (kidirisha cha kuandikia amri ndani ya gemu), unaandika timedemo 1, kisha demo four. Gemu linajicheza lenyewe mbiombio, mwisho linakupa wastani wa fremu kwa sekunde. Kwenye picha ya nukta 640 kwa 480 zilikaribiana sana, maana hapo anayechelewesha ni prosesa. Nilipopandisha hadi 1024 kwa 768, MX ikaondoka zake.

Sababu inaonekana kwa macho. FX yangu ina chipu nne tu za kumbukumbu, na nafasi nyingine nne zimeachwa tupu, vidoa vya kulehemu vinang'aa bila kazi. Aliyeitengeneza alibana matumizi: njia ya kumbukumbu ni biti 64, wakati ya MX ni 128. Picha ikikua, data inapanga foleni.

Halafu nikafungua gemu la Morrowind. Kwenye MX maji yamelala kama bati lililopakwa bluu. Kadi hiyo, pamoja na jina lake la GeForce4, ndani ni ukoo wa GeForce2, haina sheda za pikseli, yaani vijiprogramu vinavyokokotoa rangi ya kila nukta ya picha. Kwenye FX maji yanatikisika, yanaakisi anga, na mvua ikinyesha viduara vinatawanyika. Mwendo ni wa kusuasua, sikatai, lakini nilisimama ufukweni muda mrefu bila kupigana na mtu. Niko Dodoma, Novemba, mvua bado. Nisiangalie maji niangalie nini?

Tena FX haina feni, ina bati la kupozea tu. Kifeni cha MX kimeshakula vumbi la Kizota na kinalia usiku kucha.

Kwa hiyo FX inabaki ndani. Mdogo wangu ameshalalamika: "Kaka, rudisha ile nyingine, hii inagandaganda." Nimemwonyesha bisibisi ilipo.