Saa ya mwaka 2009 na mistari myekundu

Steshenari yangu iko Kirumba, jijini Mwanza, karibu na mwalo, kwa hiyo asubuhi harufu ya dagaa huingia kabla ya wateja. Kompyuta ya mezani niliinunua ikiwa imeshatumika. Kwa wiki kadhaa, kila umeme ulipokatika usiku, asubuhi kivinjari kiligoma: ukurasa wa onyo, eti mawasiliano si ya faragha, hata kwenye tovuti ninazofungua kila siku. Nikawa nabonyeza kuendelea hivyo hivyo. Nilikosea sana, maana humo naingiza namba za NIDA na nywila za watoto wa watu.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja muuza dagaa aliyekuwa anasubiri kopi zake. "Mwanangu, mbona hapa pameandikwa mwaka 2009?" Alikuwa ananyoosha kidole pembeni kabisa, chini kulia.

Kumbe ndiyo hiyo. Cheti cha usalama cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kivinjari huzilinganisha na saa ya kompyuta yenyewe. Kwa kompyuta iliyoko mwaka 2009, cheti cha juzi hakijazaliwa. Nilifungua kasha nikatoa betri ndogo ya duara, CR2032, ile inayotunza saa umeme ukizimwa. Nikaweka mpya, nikarekebisha tarehe, nikachagua majira ya Nairobi ambayo ndiyo yetu pia. Maonyo yakaisha, isipokuwa tovuti moja iliyobaki na maneno "si salama". Hiyo anwani yake inaanza na http bila s: yanayoandikwa humo yanasafiri wazi. Siijazi tena taarifa za mteja.

Wateja huniuliza lile kufuli dogo lililokuwa kando ya anwani kwenye kivinjari cha Chrome lilikwenda wapi. Liliondolewa mwaka 2023, ikawekwa alama ya mipangilio, kwa sababu watu walidhani kufuli linamthibitisha mwenye tovuti kuwa mwaminifu. Halikuwa na kazi hiyo. Lilisema tu kwamba njia kati yako na tovuti imefungwa, wala tapeli hazuiwi kupata cheti. Kwa hiyo naisoma anwani herufi kwa herufi, hasa msimu wa maombi ya mikopo ya chuo.

Kilichoniumiza zaidi ni tahajia. Kijana kutoka Ukerewe alikuja kuomba kazi, barua tukaiandika moja kwa moja kwenye kisanduku cha kivinjari. Ukurasa mzima ukajaa mistari myekundu, kwa sababu kamusi iliyowashwa ilikuwa ya Kiingereza: "naomba" nyekundu, "kazi" nyekundu, hata "Mwanza". Jicho lilikuwa limeshazoea kuipuuza, kama nilivyozoea ule ukurasa wa onyo. Tukatuma. Jioni nikaisoma nakala: "Mkulugenzi Mtendaji". Kanda hii r na l zinatupa shida, na neno hilo moja ndilo lililostahili mstari. Nilijisikia vibaya, maana yeye alikuwa ameniamini mimi.

Sasa ukaguzi wa Kiingereza nimeuzima kwenye kivinjari. Barua za Kiswahili naziandika kwanza kwenye LibreOffice, programu ya kuandikia ambayo ina kamusi ya Kiswahili cha Tanzania, ndipo nazinakili. Inasumbuka na vitenzi virefu kama "hatukuwaletea", kwa kuwa kitenzi chetu kimoja kinaweza kuvaa viambishi vya kila namna, lakini mistari imepungua na kila mmoja nausimamia.

Kijana yule alirudi wiki iliyopita na ombi jingine. Hapakuwa na mstari hata mmoja. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nisomee kwa sauti." Akasoma taratibu mpaka aya ya pili, akafika "nitafika mahari pa kazi kwa wakati", akanyamaza, akacheka. Mahari ni neno halali, kamusi isingeligusa. Akavuta kibodi mwenyewe, akafuta r, akaweka l.